Kikapu cha Jumatatu

Katika Chuo cha Kikristo cha Mizeituni, nje kidogo ya Kitengela, kila mtu alikuwa na kazi mbili na kiti kimoja. Mwalimu Otiende alifundisha Kigiriki asubuhi na kuendesha pikapu ya chuo mchana. Mchungaji Musila, mkuu wa chuo, alihubiri, alifundisha historia ya kanisa, na pampu ya maji ikigoma ni yeye aliyevua koti akaenda kupambana nayo. Phylis Nanjala alikuwa msajili na tena mlezi wa bweni la wasichana, ndiyo maana alilala katika chumba cha mwisho cha bweni hilo, na kanuni ya bweni ilisema wazi kwamba watoto hawaruhusiwi. Mizeituni yenyewe haikuwepo. Wazungu waliokianzisha chuo waliahidi kuipanda, wakarudi kwao kabla ya mvua, na mpaka mwaka huo wa 2001 kilichostawi pale ni migunga, vumbi, na ua wa seng'enge ambao pundamilia waliusogelea kila alfajiri kama wanaotafuta nafasi ya mwaka wa kwanza.

Basi chuo hicho kilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyomponza Nanjala.

Kila Jumatatu baada ya ibada ya asubuhi, wafanyakazi wote kumi na wanne, kuanzia mkuu hadi Sankale bawabu, waliandika kila mmoja hitaji lake kwenye kipande cha karatasi, bila jina, wakakikunja na kukitia ndani ya kiondo. Kiondo kilitikiswa, kikazungushwa tena, kila mtu akachukua karatasi moja. Hitaji ulilolipata uliliombea wiki nzima, na Ijumaa ulisimama ukaeleza kama limejibiwa. Ukichukua karatasi yako mwenyewe, unairudisha na kuchukua nyingine. Kanuni hiyo ya mwisho aliitunga Musila, kwa sababu, alisema, mtu akijiombea mwenyewe huishia kumpangia Mungu kazi.

Bila jina! Watu waliokula ugali meza moja miaka na miaka, wanaojuana miandiko na hata vikohozi, waliandikiana siri halafu wakasema ni bila jina. Hitaji la mgongo lilikuwa la mpishi. Hitaji la mchumba lilikuwa la mwalimu wa muziki, na lilikuwa limeombewa tangu mvua za El Niño bila dalili yoyote ya mchumba. Wote waliinamisha vichwa wakajifanya hawajui. Huo ulikuwa upendo wao, na mimi sioni kama ulikuwa mbaya.

Shida ya Nanjala ni kwamba mwandiko wake ulijulikana kuliko wote. Vyeti vyote vya Mizeituni viliandikwa kwa mkono wake. Kwa hiyo Jumatatu hiyo ya Februari aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa chekechea: NAOMBA MLANGO UFUNGUKE NIONDOKE HAPA NIENDE NYUMBANI. PIA NIPEWE UJASIRI WA KUMWAMBIA MKUU.

Akaikunja mara nne, akaitia kwenye kiondo, na kuanzia hapo hakutulia tena.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Chuo kimoja cha ualimu kule Bungoma, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani kwa mama yake, kilikuwa kimemkubali kuwa msajili. Kilitaka kitu kimoja tu: barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wake, ifike kabla ya Jumatatu ifuatayo. Bila barua hiyo, nafasi angepewa mwingine.

Na nyumbani kwa mama yake ndiko alikokuwa Shirleen. Nanjala alimwacha huko akiwa na mwaka mmoja, mwaka ule alipofiwa na mume. Alisema ni kwa mwaka mmoja tu, mpaka ajipange. Mtoto sasa alikuwa na miaka tisa. Krismasi iliyopita Nanjala alifika na mikoba miwili ya zawadi, na Shirleen akamtolea kiti, akampangusia vumbi kwa kanga, kisha akakimbilia jikoni akimwita bibi yake, "Kukhu! Kukhu! Kuna mgeni." Nanjala alikaa kwenye kile kiti akajiambia kwamba mtoto hakumwona vizuri kwa sababu ya jua. Lakini aliporudi Kitengela neno lile lilimfuata hadi kitandani, na tangu hapo kila kitu kilimuudhi, kuanzia kengele ya asubuhi hadi vumbi la saruji lililokuja na upepo wa Athi River.

Mtu atasema, barua si barua tu, aende akaombe. Mficha uchi hazai. Lakini mtu huyo hakumjua Musila. Watu wawili walikuwa wamewahi kuaga kazi Mizeituni kabla ya wakati, na kila mmoja aliagwa kwa mahubiri ya siku tatu mfululizo kuhusu mkulima aliyeacha jembe katikati ya shamba. Waliitwa "walioshuka njiani." Mezani walipitishiwa chumvi bila kutazamwa usoni. Zaidi ya hayo, wakaguzi wa serikali walitarajiwa mwezi wa tatu. Chuo kilikuwa kimesubiri kusajiliwa na serikali miaka tisa, na Nanjala ndiye aliyeshika mafaili yote. Kuomba barua wakati huo kulikuwa kama bibi harusi kuomba nauli ya kurudi kwao katikati ya kiapo.

Na juu ya yote, Musila ndiye aliyempokea mwaka wa 1993, mjane mwenye begi moja na macho mekundu. Hakumuuliza maswali. Alimpa funguo za ofisi na sahani ya maharagwe. Mtu kama huyo unamgeukaje?

Jumanne asubuhi, kanisani, Musila aliongoza maombi kama kawaida. Aliombea nchi, akaombea mvua, akaombea wakaguzi walainike mioyo.

"Na Bwana," alisema, "yuko mtumishi wako hapa Mizeituni anayetaka kuondoka. Amechoka. Unamjua kwa jina. Mfungulie mlango."

Damu ilimpanda Nanjala hadi masikioni. Alifungua jicho moja. Mkononi mwa Musila, kati ya vidole viwili vinene, ilikuwepo karatasi iliyokunjwa.

Katika kumi na wanne wote, mkuu mwenyewe! Nanjala alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yake Otiende alinong'ona, "Aisee, nani tena anataka kushuka?" na mpishi akamjibu kwa kikohozi. Siku hiyo msajili aliandika jina la mwanafunzi mmoja mara mbili kwenye orodha na kumsahau mwingine kabisa. Alifungua dirisha kwa sababu ya joto, akalifunga kwa sababu ya vumbi, akalifungua. Alichonga penseli zote za ofisi hadi zikabaki vipande vya kushikwa kwa kucha.

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Musila aliomba kwa muda mrefu na sauti ikamkwaruza.

"Mtumishi huyu, Bwana, ana mtu wake nyumbani anayemngoja. Siku zinakwenda. Usimwache achelewe."

Sasa hapakuwa na shaka. Nyumbani, alikuwa ameandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe, wa kushoto lakini wake. Kilichomsumbua ni kwamba Musila hakugusa lile ombi la pili, la ujasiri wa kumwambia mkuu. Siku mbili sasa aliliruka. Nanjala alilifikiria sana hilo akaona jibu ni moja: mzee alikuwa anamsitiri. Alikuwa amejua ni nani, ameumia, na bado anamwombea mbele ya watu bila kumtaja. Aibu ya kufikiriwa vibaya ingekuwa nafuu kuliko aibu hiyo ya kutendewa wema.

Mchana huo alitoka ofisini akaenda hadi mlango wa mkuu, akainua mkono kubisha, akaupitisha kwenye nywele zake kana kwamba ndicho alichokusudia, akaenda zake. Alizunguka bweni. Alizunguka tangi la maji. Alifika langoni, akageuka, akafika tena.

"Takwenya," Sankale bawabu alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia.

"Madam, leo umepita hapa mara nne. Hata ng'ombe amepoteza ndama huwa anapumzika kidogo."

Sankale hakuwa na maana yoyote, alikuwa anatania tu. Lakini Nanjala alirudi chumbani, akafunga mlango, akalia hadi kamasi.

Alhamisi hakuingia kanisani. Alimsubiri Musila atoke, akamfuata hadi kwenye kibanda cha pampu, ambayo kama kawaida ilikuwa imechagua wiki ya shughuli nyingi kuharibika. Mzee alikuwa tayari amekunja mikono ya shati, grisi hadi kwenye viwiko.

"Mama Shirleen," alisema bila kuinua kichwa. "Hebu nipe hiyo spana ya kumi na tisa. Mbona hukuja kwa maombi?"

Alimpa spana. Kisha akasema yote kwa pumzi moja, kabla ujasiri haujamtoroka. "Mchungaji, nimekuja kuomba msamaha. Ile karatasi ni yangu. Ningekuja kukuambia mwenyewe, lakini niliogopa. Na nakushukuru, kwa sababu ulijua ni mimi na hukunitaja."

"Karatasi gani?"

"Hiyo unaombea. Ya kuondoka."

Musila aliiweka spana chini. Akafuta vidole kwenye suruali na kuchomoa karatasi kutoka kwenye mfuko wa shati. Aliikunjua akampa.

Haikuwa na herufi kubwa. Mwandiko ulikuwa mdogo, umelalia upande mmoja, mwandiko ambao Nanjala alikuwa ameuhangaikia miaka minane akipiga taipu barua za ofisi. *Nimechoka. Nifungulie mlango nirudi kwa Ndunge kabla macho yake hayajazimika kabisa.*

Ndunge alikuwa mke wa Musila. Alibaki nyumbani kwao Mwingi kulima na kutunza nyumba, na kila mtu chuoni alijua anaumwa macho, lakini kwa jinsi mzee alivyolitaja jambo hilo ungedhani ni mafua.

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nanjala alisimama na karatasi ya mkuu wake mkononi, hajui airudishe au aifiche.

"Ulichukua yako mwenyewe," alisema mwishowe.

"Niliifungua nikaona ni yangu. Mkono ulikuwa unairudisha, nakuambia kweli. Halafu nikafikiria, nani hapa ataniombea niende? Wewe ungeniombea?"

Nanjala alijaribu kujiwazia akiwa ameipata karatasi hiyo Jumatatu, na akajua angeiombea kwa midomo huku moyo ukisema abaki.

"Unaona," Musila alisema. "Nimewafundisha watu wa hapa kwamba anayeondoka ni mwoga. Niliwafundisha vizuri sana. Hata mimi nilishika somo." Alivuta debe tupu akaliketia. "Haya. Wewe unataka kwenda wapi?"

Akamweleza. Alimweleza habari za chuo cha ualimu, barua, Jumatatu. Alimweleza habari za kiti kilichopanguswa vumbi, na neno "mgeni," ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Musila alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na pampu ilidondosha maji kati yao.

"Wakaguzi watakuja," alisema baadaye. "Wakikuta kiti kimoja ni kitupu, watauliza maswali. Otiende anaweza kushika mafaili yako, atapiga kelele lakini atashika. Wakikuta viti viwili, watafunga chuo. Watoto themanini na sita watarudi nyumbani na vyeti vya kufungia mandazi."

Hesabu hiyo Nanjala alikuwa amekwisha kuifanya kichwani kabla mzee hajamaliza. Mmoja tu ndiye angeweza kwenda. Hata hivyo alisema alichoona ni haki.

"Basi enda wewe, Mchungaji. Wewe ni mkubwa, na Mama ni mgonjwa. Mimi nitangoja nafasi ingine."

Na alikuwa akisema kweli, ingawa kila neno lilimkata.

Musila alitikisa kichwa. "Ndunge ananijua miaka thelathini na nne. Hata macho yakiisha, nikiingia kwa mlango nikikohoa atajua ni mimi, ataanza kunigombeza. Lakini huyo mtoto wako? Ukichelewa miaka mingine miwili, atakuangalia na macho mazima na hatakujua."

Nanjala alifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo hilo kwa uwazi namna hiyo, na hakuna jambo alilokuwa akiliogopa zaidi.

"Wewe pia unaumia," alisema ndani ya viganja.

"Naumia. Nani amesema siumii? Nilikuwa hata nimechagua sanduku." Alicheka kidogo. "Siku tatu namwomba Mungu amfungulie mtumishi wake mlango. Kosa langu ni sikutaja jina."

Walienda ofisini. Musila aliiandika barua kwa mkono, amesimama, kwa sababu hakutaka kukichafua kiti kwa grisi. Iliandikwa kwa uzuri ambao Nanjala hakuutazamia, na mahali fulani ilisema kwamba chuo kitakachompata msajili huyu kisimwache aishi mbali na mwanawe. Alipoimaliza alimsukumia upande wa pili wa meza.

"Gonga mhuri," alisema. "Si ni wewe unauweka?"

Mhuri wa chuo ulikaa kwenye droo ya msajili. Aliugonga mwenyewe juu ya jina lake mwenyewe, mara ya kwanza ukatoka umefifia, ikabidi augonge tena. Saa nane Otiende aliipeleka bahasha mjini kwenye ofisi ya mabasi pamoja na orodha ya mboga, akilalamika kwamba Kigiriki hakikumwandaa kwa maisha ya utarishi.

Ijumaa ikafika. Wafanyakazi walikutana kwenye chumba cha kulia, viti vikiwa vimepangwa duara, chai ikifuka mvuke. Kabla ya ushuhuda Musila alisimama akatangaza kwamba Mama Shirleen anakwenda kwao mwisho wa mwezi kumlea mtoto. Watu wakajikaza kusubiri habari za mkulima na jembe lake. Hazikuja. Badala yake mzee alisema kwamba yeyote atakayempitishia chumvi dada huyu bila kumtazama usoni atakula nje na Sankale, na Sankale akasema yeye hana shida, nje kuna hewa. Wakacheka, kisha wakalia kidogo. Mpishi alimkumbatia Nanjala hadi mgongo ukamkumbusha kwamba bado haujaponywa.

Ushuhuda ukaanza. Hitaji la mvua, bado. Hitaji la mchumba, bado, lakini imani ipo. Ikafika zamu ya mkuu.

Musila alisimama akiwa na karatasi yake mkononi, imekunjwa. "Mimi niliombea mtu aliyetaka kurudi nyumbani kwa watu wake," alisema. Sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Limejibiwa. Mlango umefunguka."

"Amina!" walipaza sauti wote, wakapiga makofi wakimgeukia Nanjala, wamefurahi kwamba fumbo la wiki nzima limefumbuliwa na kwamba safari hii walikuwa na haki ya kujua. Musila naye alipiga makofi. Nanjala alitazama sakafu.

Mtu mmoja hakupiga. Otiende, aliyefuata kwenye zamu, alikuwa ameshika karatasi yenye herufi kubwa zilizopinda, zinazosema naomba mlango ufunguke niende nyumbani, na nipewe ujasiri wa kumwambia mkuu. Aliitazama. Aliitazama ile iliyokuwa ikirudi kwenye mfuko wa shati la mkuu. Otiende alipenda mzaha kuliko chai, lakini hakuwa mjinga. Waliotaka kurudi nyumbani walikuwa wawili, na aliyeagwa ni mmoja. Alimtazama Nanjala, na Nanjala, aliyekuwa amekwisha kuchoka kuficha, hakuyaondoa macho yake.

Otiende alisimama polepole. Alikunja karatasi yake.

"Langu limejibiwa," alisema. "Lakini lile la Mkuu, naomba tuendelee kuliombea."

Watu walitazamana. Mwalimu wa muziki aliuliza, hitaji lililojibiwa linaombewa nini tena? Musila alikuwa ametazama dirishani, taya imekaza, kama mtu anayesubiri kikohozi kimpite.

Nanjala peke yake ndiye aliyesema amina, na aliisema kwa sauti.